Kwa nini vyuo vyetu vinakimbilia orodha za dunia wakati vina vitu ambavyo dunia haina?

#1 Mwalimu wa Temeke
Habari wakuu. Nafundisha kidato cha tano na sita katika shule moja hapa Dar. Dirisha la maombi ya vyuo likikaribia, wanafunzi hunijia na picha iliyozunguka kwenye magrupu ya simu: "Vyuo 10 bora Tanzania". Aliyeitengeneza hajulikani, na imepimwaje hakuna anayesema. Ukiwauliza chuo namba tatu kinasifika kwa lipi, kimya. Ukiwauliza mbona wameruka namba saba, jibu ni kwamba ni namba saba.

Lingekuwa jambo la vijana tu kama vyuo vyenyewe visingeingia humo humo. Mabango, hotuba za mahafali, kurasa za mitandao, kote ni chuo kimepanda kutoka nafasi fulani hadi fulani. Sioni chuo kikitamka kwa sauti: sisi tunaujua udongo wa nchi hii kuliko yeyote, njoo ujifunze udongo.

Dai langu ni hili. Kila chuo hapa kilianzishwa kwa kazi yake. Muhimbili tiba, Sokoine kilimo, Ardhi upimaji na mipango miji, Mzumbe utawala, Moshi ushirika, Mweka wanyamapori, Chuo Huria kumfuata mtu alipo kazini. Sasa vyote vinataka kufanana na chuo kimoja cha kufikirika kilichoko Uingereza au Marekani, na kila mwaka vinapewa taarifa kwamba bado havijafanana nacho vya kutosha. Nani kaleta mbio hizi kwetu, na nani ananufaika? Walioko ndani watuambie.

#2 Sinza Makaburini
Navuta kiti.

#3 Kijana wa Seva
Mwalimu, picha nyingi za aina hiyo chanzo chake ni Webometrics, orodha inayopima vyuo kwa tovuti zao. Ilianzishwa Hispania 2004 na imekuwa ikitoka mara mbili kwa mwaka, Januari na Julai. Kwa miaka mingi nusu nzima ya alama imekuwa ni viungo: tovuti ngapi za nje zinaelekeza watu kwenye tovuti ya chuo. Asilimia 40 ni makala zilizomo kwenye ile asilimia 10 inayonukuliwa zaidi duniani, na 10 inayobaki inatokana na kunukuliwa kwa watafiti wenye wasifu wa wazi mtandaoni. Ufundishaji haumo. Maabara hazimo. Kama mhadhiri anaingia darasani au haingii, haimo.

Nilikuwa kitengo cha tehama cha chuo kimoja ambacho sitakitaja. Kila orodha ikitoka, kikao cha kwanza ajenda ni kwa nini tumeshuka. Tukaagizwa kila mhadhiri apakie makala, slaidi, hata kumbukumbu za semina. Hakuna aliyeuliza kama zinasomeka.

Lakini niseme na upande wa pili. Shinikizo lile lile ndilo lililotoa tasnifu za wanafunzi stoo, zilikokuwa zinaliwa na mchwa, zikaingia mtandaoni. Leo mtu wa Songea anazisoma bila kupanda basi. Waanzilishi wa Webometrics walisema tangu mwanzo kwamba shabaha yao ni kuvisukuma vyuo viweke maarifa yao wazi. Kwa shabaha hiyo, kwetu ilifanya kazi.

#4 Hesabu Kali
Zile kubwa nazo ni maoni ya watu tu. Orodha ya QS asilimia 40 ya alama ni kuwauliza maprofesa duniani chuo gani wanakiona kizuri. Profesa wa Toronto atakitaja vipi chuo cha Morogoro ambacho hajawahi kukisikia? Orodha ya Shanghai nayo inahesabu tuzo za Nobeli. Mwandishi Abdulrazak Gurnah alipopata Nobeli 2021, kama angekuwa anafundisha Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, tungepaa.

#5 Binti Changanyikeni
@Hesabu Kali, hiyo 40 ni ya zamani. Kuanzia toleo la 2024 QS wameishusha hadi 30, na maoni ya waajiri yakapanda hadi 15. Ukijumlisha bado ni 45, kwa hiyo hoja yako ya Toronto inasimama. Kuhusu Gurnah, Shanghai ikihesabu Nobeli za walimu wa chuo inachukua fizikia, kemia, tiba na uchumi, pamoja na nishani ya Fields ya hisabati. Fasihi haimo. Hata Chuo Kikuu cha Kent, Uingereza, alikofundisha Gurnah hakikupata alama kupitia mlango huo.

#6 Hesabu Kali
Ndiyo ujue wamepanga wenyewe kipi ni elimu. Asante dada.

#7 Karatasi na Chaki
Salaam. Mimi nimo ndani. Mleta mada anauliza nani kaleta mbio. Ninavyoona, hazikuanzia ofisi ya uhusiano, zilianzia kwenye fomu ya kupandishwa cheo. Kutoka mhadhiri hadi mhadhiri mwandamizi, hadi profesa mshiriki, uzito mkubwa uko kwenye machapisho, na siku hizi swali la kwanza ni kama jarida limo Scopus. Scopus, hifadhidata ya majarida ya kitaaluma, ni mali ya Elsevier, kampuni ya Uholanzi, na ndiyo hiyo hiyo QS na orodha nyingine, Times Higher Education, wanaitumia kuhesabu makala. Kwa hiyo mhadhiri akihangaikia cheo chake, bila kutaka, anaihangaikia orodha.

Nimefanya utafiti mrefu kuhusu masoko ya samaki ya mwambao. Wavuvi na wachuuzi walinihoji na wao: utatuachia nini? Nikawaandikia ripoti ya Kiswahili, wakaipeleka kwenye vikao vyao na halmashauri, ikawasaidia kudai meza na maji safi sokoni. Kamati ya vyeo ikaniambia haina alama. Makala ya Kiingereza niliyoitoa kwenye takwimu zile zile, ambayo hakuna mchuuzi hata mmoja atakayeiona, ndiyo iliyohesabiwa. Sisemi makala ile haikuwa na kazi. Ninachosema, mfumo unatulipa kuwageuzia mgongo watu waliotupa majibu.

Halafu mjue bei. Jarida la Nature walipotangaza mwishoni mwa 2020 gharama ya kuchapisha makala iwe wazi kwa msomaji yeyote, ilikuwa yuro 9,500. Kwa pesa hiyo naendesha utafiti kijijini mwaka mzima.

#8 Mzee wa Observation Hill
Wanangu, mbio za hadhi hazikuja na intaneti. Chuo cha Dar kilifunguliwa Oktoba 1961 katika jengo la TANU, mtaa wa Lumumba, kikiwa na kitivo kimoja tu cha sheria, na digrii zilikuwa za Chuo Kikuu cha London. Hadhi tuliiazima tangu siku ya kwanza.

Mwaka 1963 tukawa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki pamoja na Makerere na Nairobi. Hapo kukawa na mgawanyo ambao vijana wengi hamuujui. Udaktari Makerere, uhandisi Nairobi, sheria Dar. Mtanzania mwenye kutaka uhandisi alikwenda Nairobi, Mkenya na Mganda mwenye kutaka sheria alikuja kwetu. Kila chuo kilikuwa na chake na kila kimoja kilimhitaji mwenzake. 1970 umoja ule ukavunjika, kila nchi ikataka kila kitu nyumbani. Sisi 1973 tukafungua kitivo cha uhandisi. Silaumu, nchi changa ilihitaji wahandisi na isingesubiri nafasi za jirani. Lakini hamu ya kila chuo kuwa na kila kitu ina umri mkubwa kuliko hizo orodha zenu.

Na kumbukeni Mlimani ilipata jina kwa jambo ambalo London haikuwa nalo. Terence Ranger na wenzake waliifundisha historia ya Afrika kama historia ya Waafrika wenyewe. Walter Rodney akafundisha hapa, na kitabu chake kikubwa kilichapwa 1972 London na hapa hapa Dar. Mimi nilikuwa kijana pale mwanzoni mwa miaka ya sabini, ukumbi unajaa hadi watu wanasikiliza madirishani. Museveni alimaliza pale 1970. Wapigania uhuru wa kusini walikuwa wanaingia na kutoka. Walikuja kwa sababu kilichokuwa kinasemwa pale hakikuwa kinasemwa kwingine.

#9 Sinza Makaburini
Mzee shikamoo. Ila shule ya tiba hapa Dar ilianza 1963, kwa hiyo mgawanyo haukuwa mkali kiasi hicho.

#10 Mzee wa Observation Hill
Marahaba mwanangu. Ile ilikuwa chini ya wizara ya afya, ikaingia chuoni 1968. Mgawanyo ulianza kulegea kabla hata ya 1970, hapo tuko pamoja.

#11 Mbeba Boksi wa Delft
Wakuu mnaongea kama orodha ni mapambo. Huku nje ni sheria. Uingereza mwaka 2022 walianzisha viza ya vijana wenye vipaji: ilipoanza, aliyemaliza chuo kilichomo kwenye 50 bora kwa hesabu ya orodha kubwa za dunia aliweza kuingia kutafuta kazi. Orodha ya kwanza ilipotoka hakukuwa na chuo hata kimoja cha Afrika. Huku Uholanzi nako upo mwaka wa kutafuta kazi kwa waliosoma vyuo 200 bora. Rafiki yangu ana GPA ya kwanza kutoka Muhimbili, lango hilo kwake limefungwa. Sasa mkuu wa chuo akisema "sisi tuna upekee wetu, orodha hatuzijali", anayelipa ni mwanafunzi wake.

#12 Mwalimu wa Temeke
@Mbeba Boksi, hilo sikuwa nalo kichwani na ni zito. Ila naona linathibitisha ubovu wa mizani yenyewe: serikali ya nchi moja inakodisha macho ya kampuni binafsi kumpima daktari wetu bila kumwona.

#13 Mbeba Boksi wa Delft
Ubovu ndiyo, lakini daktari bado yuko nje ya geti.

#14 Mama Tandika
Nami niseme, maana Chuo Huria kimetajwa halafu kikaachwa. Nilikuwa mwalimu wa msingi, nina watoto, mume kazi ya meli. Ningeacha kazi nikakae bweni lipi? Chuo Huria kilianzishwa kwa sheria ya 1992 kwa ajili ya mtu kama mimi, kina vituo mikoani nchi nzima. Nilisoma usiku watoto wakilala, mitihani nikafanyia hapa hapa mjini. Sasa orodha zinapima uwiano wa wanafunzi kwa mwalimu, zinapima wageni kutoka nje wangapi wako kampasi. Chuo cha wanafunzi waliotawanyika hadi Kigoma kitapata alama gani hapo? Kila kinachokifanya kiwe na maana kwetu, kwenye orodha ni upungufu.

#15 Meneja Rasilimali
Naomba nipinge, na naomba msinirukie. Nimeajiri watu kwa muda mrefu hapa mjini. Neno "upekee" limekuwa kichaka. Chuo hakina vitabu vipya, kinasema sisi tuko karibu na jamii. Mhadhiri hajachapisha chochote tangu atoke masomoni, anasema yeye ni mwalimu wa vitendo. Fildi, yaani mafunzo ya kazini, ikifika, kijana anakuja ofisini kwangu na barua ya chuo, msimamizi wake simuoni mpaka fildi inaisha, fomu inasainiwa tu. Upekee gani huo?

Orodha ina ubaya wake, lakini ni mtu wa nje anayekuuliza umefanya nini mwaka huu. Ukimfukuza huyo, nani mwingine atauliza? TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, inakagua, lakini mzazi hajui pa kusoma matokeo ya ukaguzi. Mzazi kabakiwa na hiyo picha ya simu.

#16 Karatasi na Chaki
@Meneja Rasilimali, la fildi ni kweli tupu na linaniuma. Ila angalia: ni orodha gani kati ya hizo inayopima kama msimamizi alikuja ofisini kwako? Hakuna. Kinachokukera wewe ndicho kisichokuwa na alama. Mhadhiri akichagua kati ya kuja kwako na kumalizia makala, fomu ya cheo imeshamchagulia.

#17 Meneja Rasilimali
Basi tutengeneze ya kwetu inayopima fildi. Mkiitengeneza mimi wa kwanza kujaza.

#18 Daktari wa Upanga
Mnazungumza kana kwamba upekee na sifa za dunia lazima vigombane. Kwetu Muhimbili ugonjwa wa sikoseli ni mfano wa kinyume. Inakadiriwa watoto 11,000 huzaliwa nao Tanzania kila mwaka, ni miongoni mwa idadi kubwa zaidi duniani. Tangu 2004 Muhimbili imekuwa ikiwafuatilia wagonjwa kwa utaratibu, kliniki na utafiti vikitembea pamoja. Profesa Julie Makani alipata tuzo ya Royal Society ya Uingereza mwaka 2011 kwa kazi hiyo. Hakuondoka kwenda kutafiti ugonjwa wa wengine. Alishika kilicho kingi wodini kwetu, akakifanya kwa kiwango ambacho majarida makubwa yasingeweza kukikataa.

Kwa hiyo mimi sielewi hofu ya orodha. Shika chako, kifanye vizuri mno, orodha itakufuata.

#19 Mtu wa Kamusi
@Daktari wa Upanga, itakufuata kama chako ni damu na vijidudu, maana sikoseli iko pia Marekani na Nigeria na makala yake inasomwa kote. Njoo upande wetu. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili pale Mlimani mizizi yake ni ile Kamati ya Lugha ya 1930. Kamusi ya 1981 iliyomo karibu kila shule ni kazi ya watu wale. Tangu 2009 imeunganishwa na idara ya Kiswahili kuwa TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili. UNESCO wametenga tarehe 7 Julai kuwa siku ya Kiswahili duniani. Kama kuna jambo moja ambalo chuo cha Dar kinaweza kuwa namba moja duniani bila kubishaniwa, ni hili.

Sasa makala nzuri ya isimu ya Kiswahili iliyoandikwa kwa Kiswahili, itanukuliwa na nani ndani ya Scopus? Wanaoisoma wako Nairobi, Zanzibar, Lubumbashi, na wananukuu kwenye majarida ambayo hesabu haiyafikii. Vijana wetu wameanza kuandika kuhusu Kiswahili kwa Kiingereza ili wahesabiwe. Wazee walisema mkataa kwao mtumwa, na mimi nalisema hili kwa uchungu.

#20 Binti Changanyikeni
Mwalimu wangu, uchungu ninauelewa, ila majarida yetu ya Kiswahili nayo yachelewavyo kutoka! Mtu anatuma makala, anasubiri hadi anasahau aliandika nini. Hilo halijaletwa na Scopus.

#21 Mtu wa Kamusi
Wahariri wanajitolea, binti. Hakuna anayelipwa na hakuna anayepandishwa cheo kwa kuhariri. Turudi kwenye fomu ya #7.

#22 Panya Buku
Mmeandika kurasa mbili hamjataja Morogoro vizuri. Pale SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine, ndiko makao ya APOPO, shirika linalofundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na makohozi ya kifua kikuu. Panya mmoja, Magawa, alizaliwa na kufundwa Morogoro, akaenda Kambodia akagundua mabomu na mabaki ya silaha zaidi ya 100, na 2020 akapewa nishani ya dhahabu na shirika la wanyama la Uingereza. Mlimani mna panya mwenye nishani?

#23 Sinza Makaburini
Hapo SUA mmetushinda, nakubali. Ila APOPO asili yake ni Ubelgiji, mseme yote.

#24 Panya Buku
Asili ndiyo Ubelgiji. Utaalamu wa panya ulikuwepo SUA kabla yao, kwa sababu panya wanamaliza mahindi ya mkulima. Ndiyo maana walikuja kwetu wakakaa. Na anayedhani upekee hauna pesa asikilize: Benki ya Dunia ilipoanzisha mradi wa vituo vya umahiri mashariki na kusini mwa Afrika mwaka 2016, SUA ilipata kituo cha udhibiti wa panya na matumizi ya hisia zao. Vilishindaniwa na vyuo vya nchi nyingi, na panya akashinda. Hakuna aliyeuliza SUA ni ya ngapi duniani, waliuliza mnajua nini.

#25 Ramani ya Keko
Mkuu Panya umenikumbusha Ardhi. Jiji hili zaidi ya nusu ya wakazi wake wanaishi maeneo yasiyopimwa. Kwa mtu wa mipango miji hiyo ni shule ambayo Zurich hawana. Tulipokuwa wanafunzi tulipelekwa mtaa wa Hanna Nassif, ambako miaka ya 1990 wakazi wenyewe walishiriki kuchimba mifereji na kutengeneza barabara za mtaa. Ulikuwa unakaa na mjumbe, unachora nyumba kwa nyumba, unauliza maji ya mvua yanapita wapi. Nilijifunza pale zaidi ya nilivyojifunza kwenye kitabu chochote cha miji ya Ulaya.

#26 Kidato cha Sita
Shikamooni wote. Mimi ni mmoja wa wale wenye picha ya simu. Nimesoma PCM, nataka uhandisi wa ujenzi. Baba anasema chuo ni jina, kitaa wanaangalia jina. Mnanishauri niangalie nini kama siyo namba? Naomba jibu la kweli, dirisha likifunguliwa nina siku chache.

#27 Fundi Mitambo
Marahaba mdogo wangu. Angalia maabara ya udongo na zege inafanya kazi au imefungwa kufuli. Nenda mwenyewe, vyuo viko hapa hapa mjini, waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu wamegusa mashine ngapi. Uliza fildi wanapelekwa wapi. Mimi nilipita DIT, taasisi ya teknolojia ya Dar, enzi za mafundi sanifu, tulikuwa karakana kutwa nzima, viwandani walikuwa wanatusubiri kabla hatujamaliza.

Na hapa niongeze langu kwenye mada. Nchi hii vyuo vya ufundi vikipanda hadhi vinakuwa vyuo vikuu, na kila kinapopanda naona moyo unahamia kwenye digrii. Mhandisi mmoja anahitaji mafundi sanifu kadhaa chini yake. Mkiwafanya wote wahandisi, nani atashika mashine? Hiyo nayo ni mbio ya hadhi, na haihusiani na Hispania wala Shanghai. Ni sisi wenyewe tunavyomwona mwenye diploma.

#28 Binti Changanyikeni
@Kidato cha Sita, msikilize Fundi. Na angalia kama programu imepata ithibati ya TCU, ipo wazi kwenye kitabu chao cha mwongozo. Baba yako mheshimu, ila mpeleke naye mkaone maabara pamoja.

#29 Hesabu Kali
Wakuu, kuna vyuo vimejitoa. Utrecht ya Uholanzi iliacha kupeleka takwimu Times Higher Education mwaka 2023, wakasema ubora wa chuo kizima hauwezi kuwa namba moja na kwamba wao wanataka ushirikiano zaidi ya ushindani. Zurich wakafuata 2024. China, Renmin, Nanjing na Lanzhou walijitoa 2022. Afrika Kusini Rhodes wamekataa kushiriki kwa miaka mingi. Na Columbia ya New York, profesa wao wa hisabati Michael Thaddeus alionyesha mwaka 2022 kwamba takwimu zilizopelekwa kwenye orodha ya huko Marekani hazikuwa sahihi. Kutoka nafasi ya pili wakashuka hadi ya 18. Chuo kile kile, walimu wale wale.

#30 Mbeba Boksi wa Delft
Utrecht ipo tangu 1636. Akijitoa nani atamsahau? Na wale wa China wana serikali nyuma yao inayotoa fedha kwa vigezo vyake. Chuo cha miaka 20 kilichoko Dodoma kikijitoa, huku nje hakuna atakayejua kilijitoa. Watadhani hakipo.

#31 Daktari wa Upanga
Rhodes ni chuo kidogo na kiko Afrika, kimejitoa na kinaheshimika. Kwa hiyo inawezekana.

#32 Karatasi na Chaki
Kuna jambo moja nimekuwa nikilifikiria tangu asubuhi. Mwaka 1963 mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Erasto Mpemba, aliona maziwa ya moto ya aisikrimu yakiganda kabla ya yaliyopoa. Mwalimu wake alimkatalia. Akiwa Mkwawa, Iringa, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo cha Dar, Denis Osborne, alitembelea shule. Mpemba akamuuliza mbele ya wenzake, wakacheka. Osborne hakucheka. Alirudi Dar akalipima maabara, na 1969 wakachapisha pamoja. Leo jina la Mpemba limo kwenye fizikia ya dunia nzima.

Jiulizeni Osborne alikuwa anafanya nini siku ile. Alikuwa amefunga safari kwenda kuongea na watoto wa sekondari. Kwa mizani ya leo ile ni siku iliyopotea. Mimi mwenyewe nikialikwa shule ya sekondari muhula huu, lazima nipige hesabu ya makala ambayo haitaandikwa, na naona hilo ni jambo la kusikitisha kwa mtu aliyechagua kazi hii.

#33 Mhasibu wa Chuo
Nimesoma yote tangu #1. Naheshimu mawazo yenu, lakini mnatafuta mchawi asipokuwepo. Mimi nakaa upande wa mapato wa chuo kimoja. Kinachofanya vyuo vyetu vifanane ni ada. Ruzuku inakuja kwa mafungu, na chuo lazima kiishi. Kozi ya uhasibu, sheria au rasilimali watu inahitaji ukumbi, kipaza sauti na mhadhiri mmoja, wanafunzi mia kadhaa wanakaa. Kozi ya udongo inataka maabara, kemikali, gari la kwenda shamba, na wanafunzi wachache. Bodi ya Mikopo ikichelewa kidogo, ni ile kozi ya ukumbi inayolipa mishahara ya walimu wa muda wa ile ya udongo. Ndiyo maana chuo cha kilimo kina biashara, chuo cha ushirika kina sheria, na chuo cha ardhi kina uhasibu. Orodha ingefutwa kesho, bado vingefanana.

#34 Mzee wa Observation Hill
Mhasibu, kwa hiyo mgawanyo wa 1963 ungewezekana leo ikiwa serikali italipia kozi kwa gharama yake halisi, siyo kwa kichwa cha mwanafunzi?

#35 Mhasibu wa Chuo
Shikamoo Mzee. Kwa karatasi, ndiyo. Lakini chuo gani kitakuwa cha kwanza kufunga kozi yake ya biashara kikisubiri fungu hilo lifike?

#36 Panya Buku
SUA tufunge yetu, mtupe wanafunzi wote wa kilimo nchi nzima. Tunakubali kesho.

#37 Ramani ya Keko
Na sisi mtupe mipango miji yote. Lakini Mlimani watakubali kubaki na nini?

#38 Mtu wa Kamusi
Kiswahili, historia na sheria. Nasaini leo.

#39 Sinza Makaburini
Na uhandisi? Kijana wa #26 umeshamwondolea chuo kimoja kwenye fomu yake.